Howe, Gretzky, Ovechkin: bao la nani lina thamani zaidi? Nimepiga hesabu, njooni tubishane

Kisiki cha Mpingo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Nipo Edmonton, Kanada. Zamu yetu ya usiku kazini kuna mzee mmoja mwenyeji wa hapa, ujana wake wote uliishia jukwaani akimtazama Wayne Gretzky na Oilers yake, timu ya hoki ya barafu ya hapa. Tangu tarehe 6 Aprili 2025 mzee huyu hana amani. Siku hiyo Alexander Ovechkin wa Washington Capitals, Mrusi mwenye jino la mbele lililong'oka, alifunga bao la 895 kwenye NHL, ligi kuu ya mchezo huo huku. Rekodi ya Gretzky ya mabao 894, iliyosimama tangu alipostaafu 1999, ikaanguka. Na Gretzky mwenyewe alikuwepo uwanjani pale New York akishuhudia. Ovechkin alipiga kutoka duara la kushoto, mahali pale pale ambapo kila kipa duniani anajua atapigia na bado hawamzuii, kisha akajirusha kifudifudi na kuteleza juu ya barafu kama mtoto kwenye tope. Capitals walifungwa 4-1 mechi hiyo, lakini nani anakumbuka?

Kinachomuuma mzee zaidi ni hiki: hiyo ilikuwa mechi ya 1,487 ya Ovechkin. Gretzky naye alicheza mechi 1,487, hazizidi hazipungui. Kwa hiyo ule utetezi wa "kaipata kwa kukaa sana" umekufa palepale.

Kwa wale ambao hoki yao ni ile ya nyasini: huku wanacheza kwa viatu vya kuteleza, sita kwa sita pamoja na kipa, wanagombea paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ukifunga unapata pointi moja. Waliogusa paki kabla yako, mpaka watu wawili, kila mmoja anaandikiwa asisti, nayo ni pointi moja. Pointi za mchezaji ni mabao jumlisha asisti. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa ugomvi wenyewe. Vijana kazini wanasema mabao ya Gretzky yalikuwa ya bei rahisi, miaka ya 80 kila mtu alikuwa anafunga. Mzee anasema wivu. Mimi nikaona hili ni suala la shilingi. Mia ya enzi za Mwalimu ilikuwa noti, ukiwa nayo mfukoni unatembea kifua mbele. Mia ya leo ni sarafu, konda asipokurudishia hugombani. Huwezi kuhesabu mia za babu na mia zako ukasema wewe ni tajiri kuliko yeye. Lazima kwanza uangalie mia ilinunua nini.

Basi nikafanya hivi. Nimechukua msimu bora wa ufungaji wa kila mmoja, nikapata mabao kwa mechi, nikagawanya kwa wastani wa mabao ambayo timu moja ya kawaida ilifunga kwa mechi msimu huo. Jibu linakwambia: timu ya kawaida ikifunga mabao 100, huyu mtu peke yake katika mechi hizo hizo angekuwa amefunga mangapi?

Gordie Howe wa Detroit, 1952-53: mabao 49 mechi 70. Wastani wa timu ulikuwa bao 2.4 tu. Anapata 29.

Gretzky, 1981-82: mabao 92 mechi 80. Huu ndio msimu aliofikisha mabao 50 ndani ya mechi 39, na katika hiyo ya 39 alifunga matano peke yake dhidi ya Philadelphia, la mwisho goli likiwa halina kipa, maana wapinzani walikuwa wamemtoa waongeze mshambuliaji. Lakini timu ya kawaida ilikuwa inafunga bao 4 kwa mechi. Anapata 29.

Ovechkin, 2007-08: mabao 65 mechi 82. Wastani kama 2.7. Anapata 29.

Nilidhani nimebonyeza simu vibaya. Nikarudia kwa kalamu juu ya boksi tupu, mzee akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. 29, 29, 29. Watu watatu, miaka 55 katikati, 49 na 92 na 65, na ukizipeleka kwenye duka moja zinanunua kitu kile kile.

Mzee hakuongea mpaka tunatoka zamu.

Nikaendelea. Auston Matthews na mabao yake 69 ya 2023-24 anapata 27 hadi 28. Mario Lemieux, 85 za 1988-89, anapata 30. Phil Esposito, 76 za 1970-71, anapata 31. Na anayeongoza karatasi yangu ni mtu ambaye sikumtarajia kabisa: Brett Hull wa St. Louis, mabao 86 mechi 78 msimu wa 1990-91. Anapata 32.

Kwa hiyo kwenye mabao vijana wana haki. 92 ni namba kubwa kwa sababu mwaka ule ulikuwa mwaka wa neema. Oilers peke yao walifunga zaidi ya mabao 400 kwa msimu, misimu mitano mfululizo. Hakuna timu nyingine iliyowahi kufika 400 hata mara moja.

Ila msishangilie bado. Nimesema mtashika habari ya asisti.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kugawanya chochote. Muulize mtu: wenzako mliokuwa nao soko moja, bei moja, walipata ngapi? 1981-82 Gretzky pointi 212, wa pili Mike Bossy 147. Mwaka uliofuata 196, wa pili 124. Halafu 205 kwa 126. 208 kwa 135. 215 kwa 141. 183 kwa 108. Kama mabao yalikuwa ya kumwaga, si yalimwagwa kwa wote? Na wawili kati ya hao wa pili, Paul Coffey na Jari Kurri, walikuwa timu moja naye, pointi zao nyingi zimetoka kwenye gongo lake!

Ule msimu wa 215, 1985-86, alikuwa na asisti 163. Ondoa mabao yake yote 52, bado anambwaga wa pili kwa asisti tupu. Ukienda kwenye maisha yote ya mpira: asisti 1,963. Wa pili kwa pointi katika historia, Jaromir Jagr, ana pointi 1,921, mabao na asisti kwa pamoja. Yaani Gretzky asingefunga hata bao moja tangu azaliwe angekuwa bado wa kwanza.

Msimamo wangu huo. Rekodi ya mabao ilikuwa ya kuvunjwa tangu siku ya kwanza. Ile ya pasi sioni mtoto wa mtu wa kuivunja. Karibuni.

---

Mtoto wa Msasani

Uzi mrefu kama reli ya TAZARA. Mimi barafu naijua ya kwenye juisi ya miwa tu. Nimesoma yote lakini, sijui kwa nini.

---

Chuma Ulete

Mkuu Kisiki, umemtendea haki Ovi nusu nusu. Alichaguliwa wa kwanza timu zilipogawana vijana wapya 2004, na msimu wa 2004-05 ligi nzima ilifungwa kwa mgogoro wa wachezaji na wenye timu. Haikuchezwa hata mechi moja. 2012-13 mgogoro mwingine, zikachezwa mechi 48 tu, na alifunga 32! Halafu korona ikakata msimu mmoja na kuufupisha uliofuata ukawa wa mechi 56. Novemba 2024 akavunjika mfupa wa mguu, akarudi akamaliza msimu ule ule na mabao 44. Ana miaka 39 hapo. Mfungaji bora wa ligi mara 9. Gretzky baada ya kufikisha miaka 30 mabao yake yalianza kushuka, Ovi ndio kwanza anapasha.

---

Kisiki cha Mpingo

@Chuma Ulete hapo sina ubishi, na hilo la umri ndilo lililompa rekodi. Ila mkuu na wewe sema yote. Ovi ndiye anayeshika rekodi ya mabao yaliyofungwa wakati wapinzani wako pungufu mtu mmoja, na hakuna aliyefunga mengi kama yeye kwenye goli lisilo na kipa. Tena tangu 2015 muda wa nyongeza unachezwa watatu kwa watatu, uwanja mweupe kabisa. Kila enzi ina punguzo lake la bei.

---

KipaWaNai

Sasa wakuu. Mnahesabu wafungaji, nani anamkumbuka anayefungwa?

Mimi nimekaa golini pale Panari, barabara ya Mombasa hapa Nairobi. Uwanja ni mdogo, ile barafu ikichoka inakuwa ya mawimbi, lakini paki ni paki. Wacha niwaambie kile kipa wa 1982 alikuwa akifanya: alikuwa anasimama. Wima. Akiona shuti anapiga teke au anadaka. Vilinda miguu vyake vilikuwa vya ngozi, vimejazwa manyoya, vikiloa maji vinakuwa mzigo wa gunia. Shuti la chinichini kando ya mguu lilikuwa bao, hakuna cha kujadili.

Halafu akaja Patrick Roy wa Montreal. 1986 akachukua kombe akiwa na miaka 20. Yeye anapiga magoti yote mawili, miguu inafunguka kulia na kushoto kama mabawa ya kipepeo, chini kote kumezibwa. Baada yake kila mtoto Quebec akafundishwa hivyo, na hatimaye dunia nzima. Vifaa navyo vikawa vyepesi na vikubwa, mpaka 2005 ligi ikaamua kupunguza upana wa vilinda miguu kutoka inchi 12 hadi 11 kwa sababu mabao yalikuwa yamekauka.

Ukitaka namba: kwenye mashuti 100, kipa wa kawaida wa 1982 aliruhusu kama 12 au 13. Wa 2016 aliruhusu 8 au 9. Mnaona ni kidogo, ni theluthi nzima ya mabao imepotea. Gretzky alikuwa akikimbia upande wa kulia au kushoto anashusha shuti refu la kawaida na linaingia. Lile shuti leo hata mimi nalidaka. Kidogo natania.

Lakini lile la nyuma ya goli silikatai. Alikuwa akisimama na paki nyuma ya nyavu, watu wakapaita ofisini kwake. Ukiwa kipa hiyo ni mateso, unageuza shingo kushoto, kulia, na huwezi kumtazama yeye na anayempigia kwa wakati mmoja. Hilo magoti hayasaidii. Kwa hiyo kwenye pasi niko na wewe, buda.

---

Kisiki cha Mpingo

@KipaWaNai hii ya ofisini nimeipenda, maana inaeleza kwa nini kugawanya kunayala mabao yake lakini asisti hazitikisiki. Kipa mpya anaziba shuti. Haoni kilicho nyuma yake.

Halafu si ni timu yenu hiyo ya Kenya iliyopelekwa Kanada 2018 kwenye tangazo la kahawa wakacheza na Crosby na MacKinnon? Hapa kazini walinionyesha wakidhani ni ndugu zangu. Sikukataa.

---

KipaWaNai

Hao hao, Ice Lions. Wewe kubali tu, udugu haulipiwi kodi.

---

Kobe Mzee

Mwanangu Kisiki, hesabu ni nzuri ila umemruka mtu. Lemieux umempitia kwa mstari mmoja kama mgeni wa msibani.

Msimu wa 1992-93. Januari wanamwambia ana saratani ya tezi, ile ya Hodgkin. Anatoka uwanjani, anapigwa mionzi. Tarehe 2 Machi anachomwa mionzi ya mwisho asubuhi, anapanda ndege, jioni anacheza Philadelphia. Philadelphia, watu wanaojulikana kwa kuzomea hata watu wao, wakasimama wakampigia makofi. Akafunga bao moja na asisti moja. Wakati anarudi alikuwa nyuma kwa pointi 12 kwenye mbio za ufungaji. Akamaliza na pointi 160 katika mechi 60, wa pili Pat LaFontaine 148 aliyecheza msimu mzima. Timu yake ikashinda mechi 17 mfululizo.

Sasa chukua kalamu yako na lile boksi, mgawanye na huyo.

---

Kisiki cha Mpingo

Shikamoo mzee.

Nimegawanya. Nimetumia pointi badala ya mabao, njia ile ile. McDavid wa hapa kwetu, pointi 153 za 2022-23, anapata 59. Howe 1952-53 anapata 57, na huyo ameonewa kidogo kwa sababu enzi zake asisti hazikuwa zikigawiwa kwa ukarimu kama baadaye. Gretzky wa 215 anapata 68. Msimu wake mzuri zaidi kwa kipimo hiki ni 1983-84, pointi 205 mechi 74, anapata 70.

Lemieux wa mionzi anapata 73.

Nimekaa nayo tangu jana. Sina la kusema, mzee. Kwa mechi moja moja, mtu aliyepanda juu kuliko wote kwenye karatasi yangu ni yule mgonjwa. Kinachomwokoa Gretzky ni kwamba Lemieux aliishi pale juu kwa mechi 60, na mgongo na saratani vikamwachia mechi 915 tu maisha yake yote ya ligi. Mwenzake alikaa huko karibu mwongo mzima, mchezaji bora wa ligi mara nane mfululizo, 1980 mpaka 1987. Hata hivyo wastani wa pointi kwa mechi, maisha yote, ni 1.92 kwa 1.88. Unyoya.

Ninabadilisha kauli: rekodi za pasi ni za Gretzky, lakini ile dhana yangu kwamba hakuna aliyemkaribia naifuta.

---

Kobe Mzee

Marahaba. Mtu mzima kufuta kauli mtandaoni, hii ndiyo rekodi.

---

Bi Mkora

Jamani na babu Howe? Mmempa 29 yake mkamwacha mlangoni. Mabao 801 katika mechi 1,767, aliyaanza 1946 akiwa na miaka 18. Ligi ilikuwa na timu sita tu mpaka 1967, ina maana kila wiki anakutana na beki yule yule anayemjua mpaka jina la mama yake. Msimu ulikuwa mechi 70, mwanzoni hata hazifiki. Akastaafu 1971, akarudi kwenye ligi pinzani ya WHA kucheza na wanawe wawili timu moja, akafunga mengine 174 huko ambayo NHL haiyahesabu. Halafu 1979-80 akarudi NHL, akacheza mechi zote 80, mabao 15, akiwa ametimiza miaka 52. Mume wangu ana 52, akipanda ngazi anatafuta pa kushika.

Na msimu huo huo ndio Gretzky anaanza NHL akiwa na miaka 18, amevaa namba 99 kwa sababu ya namba 9 ya Howe. Hao wawili walikutana juu ya barafu moja. Kwa hiyo hizi "enzi tofauti" mnazozitenganisha zilipeana mikono.

---

Chuma Ulete

Kama ni hivyo, Joe Malone mnamweka wapi? 1917-18, mabao 44 katika mechi 20. Zaidi ya mawili kila mechi. Na 1920 alifunga 7 mechi moja, haijavunjwa mpaka leo.

---

Kisiki cha Mpingo

@Bi Mkora dada yangu, umenifunga goli lisilo na kipa. Ukijumlisha 174 za Howe anafika 975, ila Gretzky naye ana 46 za ligi ile ile, anafika 940. Kwa hesabu hiyo Howe alikuwa mbele yake siku zote na Ovi bado anakimbiza.

@Chuma Ulete Malone nilimjaribu. Anapata 46, nikaifuta. Msimu ule ligi ilianza na timu nne, Januari uwanja wa mmoja wao ukaungua moto Montreal na timu ikajiondoa, zikabaki tatu. Wachezaji wachache, wanakaa uwanjani karibu dakika zote 60. Kupasia mbele kulikatazwa. Na kituko zaidi, msimu unaanza kipa alikuwa haruhusiwi kujiangusha kuzuia paki, akianguka ni adhabu. Sheria ikabadilishwa Januari hiyo hiyo. Hapo si suala la shilingi kushuka thamani, hapo watu walikuwa wanalipana kwa kauri.

---

KipaWaNai

Adhabu kwa kuanguka?! Mimi ningemaliza kazi jela.

---

Kisiki cha Mpingo

Mrejesho, wakuu. Jana usiku nimempa mzee karatasi yote, na ya Lemieux ikiwemo. Aliisoma wakati wa mapumziko akiwa amekaa juu ya pande la mbao. Kwa Lemieux akatikisa kichwa, akasema alimwona, hana kinyongo naye. Kwa Ovechkin akapiga mluzi kidogo. Alipofika kwa Brett Hull na ile 32 ya juu kabisa, akaomba kalamu. Nikajua anamkata.

Hakumkata. Aliandika neno moja pembeni yake, "Oates", akanirudishia.

Ikabidi nikaangalie nikiwa kwenye basi. Adam Oates ndiye aliyekuwa anampasia Hull pale St. Louis. Msimu ule alicheza mechi 61 tu. Asisti 90.